Jinsi ya Kulala Buckhead kama Mtu Aliyezoea

Kwanza hakikisha kuna mtu mwingine anayelipia hoteli. Shirika, waandaaji wa mkutano, shemeji aliyefanikiwa, yeyote yule. Buckhead, kaskazini mwa jiji la Atlanta, si mahali pa kujaribia mshahara wako. Ndiko yaliko makazi ya gavana wa Georgia, na ndiko maduka ya Lenox Square yamekuwa yakiwapunguzia watu uzito wa pochi tangu 1959. Jiji liliumeza mtaa huu mwaka 1952, na wapo wakazi ambao hawajalisamehe hadi leo. Juzi juzi walitaka wajitenge wawe na mji wao; Seneti ya jimbo ikawakatalia mwaka 2023. Utajiri wote huo unakaa juu ya jina lililotokana na duka na kilabu cha pombe cha Bwana Henry Irby, aliyehamia huko mwaka 1838, palipotundikwa kichwa cha paa dume. Habari hii usiisimulie mapokezini. Mtu anayelipa bei ile hapendi kukumbushwa kilabu.

Ukifika mlangoni, begi lako litachukuliwa. Usiling'ang'anie, huibiwi. Ila kijana aliyelibeba atasimama kidogo chumbani akikuonyesha swichi za taa ulizokwisha kuziona, na hatamaliza maelezo mpaka mkono wako uingie mfukoni. Dola mbili tatu kwa kila begi zinatosha. Kwa hiyo njoo na noti za dola moja moja, nyingi, na uzigawe kwenye mifuko kadhaa kama kondakta. Noti ya mia haina kazi hapa. Kumwomba mtu chenji ya bakshishi yake mwenyewe ni aibu isiyo na jina.

Kisha kuna salamu. Watu wa Kusini mwa Marekani husalimia, na kabla hujafika kwenye lifti utakuwa umeulizwa hali na watu sita. Hapa ndipo Mswahili huingia mtegoni. Amelelewa kujibu habari za nyumbani, za watoto, za safari, na mvua kama imenyesha. Jizuie. Jibu linalotakiwa ni "nzuri", kisha unaendelea kutembea. Ukianza kueleza goti la mama, yule dada wa mapokezi atakusikiliza kwa tabasamu hadi mwisho, kwa sababu ndiyo kazi yake, na foleni nyuma yako itafika barabarani.

Mapokezini wataomba kadi ya benki hata kama chumba kimeshalipiwa. Wanazuia kiasi fulani cha pesa kwa ajili ya "matumizi madogo madogo", na hawakizuii kwa kukushuku wewe peke yako. Wanamshuku kila mtu kwa usawa na kwa heshima kubwa. Bei uliyoiona mtandaoni nayo ilikuwa salamu tu. Juu yake kuna kodi ya mauzo, kodi ya hoteli, na dola 5 kwa kila usiku ambazo jimbo lilianza kutoza mwaka 2015 ili kugharimia barabara. Umelala kitandani, unalipia lami.

Jambo ambalo wageni huchelewa kulielewa ni hili: kwenye gesti za bei ya chini kando ya barabara kuu za Marekani, maegesho, intaneti na kifungua kinywa mara nyingi ni bure. Kwenye hoteli ya kifahari, mara nyingi hivyo hivyo ndivyo vinavyokuja na bili. Tajiri haulizi bei ya yai, basi yai limepangiwa bei ya mtu asiyeuliza. Na friji ndogo ya chumbani usiiguse hata kwa udadisi. Kwenye hoteli nyingine ina vihisio: ukiinua soda kusoma maandishi, umeinunua. Kurudisha hakusaidii. Na soda hiyo huenda ni Coca-Cola, kinywaji kilichobuniwa katika jiji hilo hilo mwaka 1886, utakachokipata dukani hatua chache kwa bei ya kibinadamu.

Kwenda dukani, hata hivyo, kunahitaji ramani na moyo. Kuna Peachtree Road, Peachtree Battle na Peachtree Dunwoody, na zote ni kweli, na zote ziko tofauti. Ukimwambia dereva "niko Peachtree" umemwambia uko duniani. Nje, Julai, ni joto la kunata. Ndani ni baridi ya milimani, kama ya Makete. Beba sweta kwa ajili ya kiangazi.

Asubuhi, kwenye korido, utakuta toroli la taulo na mama anayetandika vitanda. Mashariki mwa jiji kuna mji mdogo wa Clarkston, ambako wamepewa makazi wakimbizi wa mataifa mengi, Wakongo na Warundi wakiwemo. Kwa hiyo ukimsikia mama huyo akijibu simu "muzuri tu", usishangae. Msalimie. Hii ndiyo salamu pekee ya jengo zima unayoruhusiwa kuijibu kwa urefu, mpaka goti la mama.

Joho jeupe la bafuni ni la kuvaa, si la kusafiri nalo. Likitoweka, kadi yako italipa. Sabuni ndogo na chupa ndogo za shampuu chukua bila wasiwasi. Pesa ya mtandika kitanda iache kila asubuhi, kwa noti, juu ya mto. Ukisubiri siku ya kuondoka huenda akaipata mwingine aliyepangiwa zamu siku hiyo.

Siku ya kuondoka mlinda mlango atakuuliza kama akuitie gari. Mshukuru, mpe dola yake, kisha vuta begi hadi stesheni ya Buckhead. Treni ya MARTA inakwenda moja kwa moja hadi ndani ya uwanja wa ndege, na nauli ni dola 2.50.