Huyu Mnamkimbiza Kwenda Wapi?

Jamani hebu niulize, maana labda ni mimi tu nisiyeelewa. Mtu ana kilo 156. Urefu ni mita mbili na ushee. Kazi yake uwanjani ni moja: kusimama mbele ya mwenzake ili mwenzake asipigwe. Mnamvua shati, mnamvalisha kikaptula cha kubana, mnamsimamisha kwenye mstari mweupe na kumwambia haya, kimbia yadi 40. Mita 36 na nusu hizo. Mfyuu! Akimbie aende wapi? Kuna anayemfukuza?

Ndiyo yaliyomkuta Orlando Brown Jr. mwaka 2018 kule Indianapolis. Kijana katoka Chuo Kikuu cha Oklahoma na jina kubwa, maana ndiye aliyekuwa akimlinda Baker Mayfield, kwotabeki, yaani mrusha mpira, aliyetwaa tuzo ya Heisman na baadaye akaitwa wa kwanza kabisa kwenye drafti, siku timu zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu. Brown naye alikuwa anatajwa raundi ya kwanza. Basi akakimbia: sekunde 5.85. Akasukuma chuma mara 14. Akaruka juu, nusu mita hakuifikisha. Akaruka mbele mita 2.08, yaani aliruka urefu wake mwenyewe na vidole viwili juu. Watu wakaguna, watu wakacheka, wachambuzi wa televisheni wakaongea kwa sauti ile ya msibani. Aprili ilipofika, jina lake likaitwa nafasi ya 83, raundi ya tatu, na Baltimore Ravens, timu aliyowahi kuichezea marehemu baba yake.

Kuna dogo wa bodaboda hapa kijiweni anaufuatilia sana huo mpira wa Wamarekani, ule wa kuvaa helmeti. Hapo akanidakia: "Mzee, namba hazidanganyi." Aka! Tulia dogo, nimalize kwanza, kahawa yako nalipa mimi.

Februari 2023 Brown yuko Kansas City Chiefs, fainali ya Super Bowl, dhidi ya Philadelphia Eagles. Msimu ule Eagles walikuwa wamewaangusha makwotabeki wa watu mara 70 kabla hata ya mechi za mtoano. Na Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, anachechemea, kifundo kibovu. Haya, waulize Eagles siku ile walimwangusha mara ngapi. Hata mara moja. Mechi ikaisha 38 kwa 35, kombe likaenda Kansas City, na bwana wa sekunde 5.85 ndiye aliyekuwa amesimama kushoto, upande ambao kwotabeki wa mkono wa kulia hamwoni anayemjia. Mwezi uliofuata Cincinnati Bengals wakampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 64. Sasa ile saa mwaka 2018 ilikuwa inapima nini?

Kwa asiyejua: kila mwaka, Februari inapoelekea kuisha, ligi ya NFL inawakusanya vijana zaidi ya 300 wa vyuo kwenye zoezi linaloitwa Kombaini. Tangu 1987 linafanyika Indianapolis. Timu zote 32 zinakaa kwenye viti na stopuwochi mkononi. Vijana wanakimbia, wanaruka juu, wanaruka mbele, wanazunguka koni tatu, wanalala chali kwenye benchi kusukuma chuma cha kilo 102 mpaka mikono igome. Wanapimwa kiganja, wanapimwa mkono. Mwanzo wake hata haukuwa huo: timu zilichoka kila moja kumpima afya mchezaji yuleyule, zikaona bora madaktari wote wakutane naye sehemu moja. Hilo la madaktari lina akili, na mpaka leo ndilo la maana zaidi pale. Lakini goti haliwezi kuuza matangazo ya televisheni. Mbio zinauza.

Tazama sasa kazi yenyewe ya wale watano wa mbele. Mpira ukianzishwa, takli wa kushoto, yule wa pembeni kabisa, hakimbii kwenda mbele. Anarudi nyuma, kwa mshazari, hatua fupi fupi, makalio chini, mgongo umenyooka, mikono tayari kumdaka adui kifuani. Anahitaji kushikilia hapo sekunde mbili na nusu, tatu, mpira uwe umeshaondoka. Hatua nne, labda tano. Timu ikiamua kukimbia na mpira, anamsukuma mtu mita moja, mbili, basi. Siku atakayokimbia mita 36 moja kwa moja, jua kuna mwenzake kaharibu, mpira umenyakuliwa na adui anakimbia nao. Ni kama unatafuta mlinzi wa geti, halafu kwenye usaili unamwambia akimbie mpaka kituo cha daladala. Ukimkuta kafika wa kwanza, geti kaliacha na nani?

Dogo kanijia juu: "Lakini Mzee, wataalamu wanatazama zile yadi 10 za mwanzo tu." Hapo kasema, simnyimi haki yake. Yadi 10 za mwanzo, zile mita tisa, zinaonyesha mtu anavyolipuka kutoka aliposimama, na kulipuka ni sehemu ya kazi. Kuruka mbele nako vivyo hivyo, nguvu za paja na nyonga hazifichiki. Koni tatu zinaonyesha kama jitu la kilo 140 linaweza kugeuka bila kupepesuka. Sikatai. Ila hiyo namba ya yadi 10 imezikwa ndani ya ile ya yadi 40, na kichwani mwa gazeti inaandikwa ya 40.

Lakini kichekesho chenyewe kiko kwenye chuma na mkono. Sikilizeni vizuri, hapa ndipo ninaposonya mpaka meno yanauma. Takli akiwa na mkono mfupi, chini ya inchi 33, wanamwambia wewe hufai pembeni, sogea ndani ukacheze gadi. Sawa, ina mantiki: mkono mrefu unamfikia adui kabla yeye hajakufikia. Haya, mleteni huyo mwenye mkono mrefu kwenye benchi. Chuma lazima kishuke kifuani na kupanda mpaka kiwiko kinyooke. Mwenye mkono mrefu anakisafirisha mbali zaidi kila mara, anachoka mapema, anatoka na namba ndogo. Brown ana mkono wa inchi 35. Zile mara 14 mlizozicheka zimetoka humo humo. Kwa hiyo mwili uleule, asubuhi unasifiwa kwa mkono, jioni unatukanwa kwa matokeo ya huo mkono. Na mwenye mkono mfupi naye? Anasukuma mara 30, anapigiwa makofi, halafu wanamwambia samahani, mkono mfupi. Nyoo!

Na hiyo futi kamba yenyewe ina miujiza. Will Campbell wa LSU, mwaka 2025, alipimwa mkono Kombaini: inchi 32 na 5/8. Kelele nchi nzima. Kabla mwezi haujaisha akapimwa tena chuoni kwake, akatoka na inchi 33 kamili. Mkono wa mtu mzima umekua! Tofauti haifiki sentimita moja, lakini watu wazima wenye familia zao waliibishania wiki kadhaa. New England Patriots wakamchukua nafasi ya nne.

Wakati wa zogo lile nilitamani mtu awakumbushe habari za Joe Thomas. Mkono wake ulikuwa wa inchi 32 na nusu. Cleveland Browns walimchukua nafasi ya tatu mwaka 2007, na siku ya drafti yeye alikuwa ziwani Michigan, anavua samaki na baba yake. Tangu hapo mpira ulianzishwa mara 10,363 mfululizo na yeye yuko uwanjani, hajatoka hata kufunga kamba za kiatu. Miaka kumi na zaidi hiyo, na timu aliyoichezea ilikuwa mbovu, Mungu atusamehe. Leo yuko Jumba la Heshima la mpira huo. Kilichomtoa ni msuli wa nyuma ya mkono uliochanika mwaka 2017.

"Basi Mzee unataka wasipime kabisa?" Sijasema hivyo. Nasema namba nzuri nazo zina yake. Muulizeni mzee yeyote wa Green Bay kuhusu Tony Mandarich. Mwaka 1989, takli kutoka Michigan State, mwili kama ulioandikwa na mtunzi wa hadithi za watoto. Yadi 40 kwa sekunde 4.65, chuma mara 39. Jarida la Sports Illustrated likamweka jaladani. Packers wakamchukua nafasi ya pili. Sasa tajeni waliomzunguka: wa kwanza Troy Aikman, wa tatu Barry Sanders, wa nne Derrick Thomas, wa tano Deion Sanders. Hao wanne wote wako Jumba la Heshima. Mandarich baada ya miaka michache Packers walimtoa, na mwaka 2008 akakiri mwenyewe kwamba chuoni alikuwa anatumia dawa za kutunisha misuli. Stopuwochi haikuwa na kosa. Ilipima ilichoonyeshwa.

Na kuonyesha nako kunafundishwa. Msimu wa vyuo ukiisha, wakala anamchukua kijana na kumpeleka kambini miezi miwili, kujifunza jinsi ya kuinama kwenye mstari na mguu upi utangulie. Siyo mpira anaojifunza, ni mtihani. Mike Mamula wa Boston College alionyesha njia mwaka 1995. Huyo hakuwa wa safu ya ulinzi wa kwotabeki, alikuwa wa upande wa kushambulia kwotabeki, lakini alijifua kwa ajili ya vipimo mpaka Eagles wakapanda juu kumchukua nafasi ya saba. Warren Sapp akaenda nafasi ya 12. Nani kati yao yuko Jumba la Heshima, mnajua wenyewe.

Tena kinachoniudhi zaidi ni kwamba wakipata namba za maana hawazitumii. Mwaka 2020 Tristan Wirfs wa Iowa, kilo 145, aliruka juu zaidi ya sentimita 90 na kukimbia kwa sekunde 4.85. Na mechi zake zilikuwa safi vilevile, namba na macho vinasema kitu kimoja. Wakachukuliwa matakli watatu kabla yake. Tampa Bay wakamkuta nafasi ya 13, na msimu uleule wa kwanza akatwaa Super Bowl akimlinda Tom Brady. Na Jason Kelce, senta, mwaka 2011? Alikimbia kwa sekunde 4.89, lakini mzani ukasema kilo 127, mwepesi mno. Akaangukia nafasi ya 191. Alicheza miaka 13.

Mimi ninavyoona, futi kamba ni ya mtu usiyemjua. Mchukue Jordan Mailata, Mwaustralia wa raga, hajawahi kucheza mpira huu hata dakika moja. Hapo utatazama nini zaidi ya mwili? Ukipima unatenda haki, na Eagles walimchukua nafasi ya 233, wakamfundisha kuanzia kuvaa helmeti, akawa takli wao wa kushoto. Hata Mkenya Daniel Adongo, naye wa raga, alisajiliwa na Colts wa hapohapo Indianapolis mwaka 2013 kwa matumaini ya namna hiyo. Lakini mtu aliyecheza misimu mitatu Oklahoma, kila mechi imerekodiwa kwa kamera za pande zote, unamhukumu kwa sekunde 5.85?

Wachezaji wenyewe wameshashtuka. Siku hizi wengi wanakataa chuma, wengine wanaziruka koni, wanakimbia tu kama wana uhakika, wasipokuwa nao wanasingizia paja. Dogo kasikitika kweli: "Sasa Mzee, wote wakigoma, timu zitatazama nini?"

Wakatazame mechi! Kila Jumamosi, saa tatu nzima, na pembe za kamera wabadilishe kila wakitaka. Halafu wewe dogo, una abiria anakuita kule, kimbia.