Alhamdulillahi, Kisha Malalamiko

Huko Ifo, kambi iliyofunguliwa mwaka 1991 karibu na mji mdogo wa Dadaab kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Somalia, mtu akiulizwa hali hutanguliza shukrani, na baada ya shukrani hiyo, ikiwa muulizaji hana haraka, hufuata malalamiko yaliyopangwa kwa nidhamu kubwa, tangu maji yasiyofika bombani hata mchanga uliofika mchuzini. Mimi niliyelelewa pwani, ambako pia twashukuru lakini aghalabu tukiwa tumeshiba, nilifundishwa ada hii na jirani yangu, bibi mmoja muuza anjera ambaye mtaa mzima, kwa heshima ya Kisomali, ulimwita Eedo; na pia na ndege.

Ndege mwenyewe ni korongo, yule mwenye upara na kifuko kinachoning'inia shingoni, atembeaye majaani kwa taadhima ya kadhi aliyestaafu. Nilikuwa nimetoka buchani na nyama ya mbuzi, nikaiweka juu ya kigoda nje ya mlango ili nikung'ute mchanga kiatuni, na kabla sijaumaliza korongo akawa ameinyakua, karatasi na yote, akaimeza mbele ya macho yangu pasi na haya wala bismillahi.

"Sema alhamdulillahi, maalim," akaniambia Eedo, huku akimimina uji wa anjera kikaangoni. "Kiatu hakukichukua."

Kisha, maadhali shukrani imekwisha kutolewa, akamshukia ndege yule na ukoo wake kwa matusi ya Kisomali, ambayo sikuyafahamu hata moja, na yakaniburudisha yote.

Hali kadhalika kijana wa gari la punda. Punda wake alipoamua kulala njiani pamoja na madumu yangu ya maji, alishukuru kwamba amelala kivulini; na kweli kilikuwa kivuli, cha mti wa mathenge, kiasi cha kumtosha punda.

Mwaka 2003 wanazuoni wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambamo watu wa kundi moja waliandika neema zao kila wiki na wa kundi jingine kero zao, ikaonekana kuwa wale wa neema waliyaridhia zaidi maisha yao. Sina ugomvi nao, ila sijui Eedo wangalimtia kundi gani, maana kwake neema na kero hutoka kwa pumzi moja. Na kwa insafu naona shukrani ya namna hiyo haimzibi mtu kinywa, bali humpa idhini ya kulalamika bila kuitwa mkosa fadhila, naye akiwa na idhini hulalamika kwa raha hata akajicheka mwenyewe.

Ikaja mvua tuliyoiomba, na yote kwa usiku mmoja. Asubuhi nilimkuta Eedo maji yamemfika vifundoni, kuni zimelowa, mbuzi kapanda kitandani.

"Alhamdulillahi, vumbi limetulia," akasema, kisha akalalamikia paa, kuni, mbuzi, na mimi niliyesimama tu nikimtazama. Sukari ilikuwa imeyeyuka ndani ya kopo. Akaimimina vivyo hivyo katika chai aliyoipika kwa makaa machache yaliyosalimika, akasema kazi ya kukoroga imepungua.

"Na wewe, maalim, umeamkaje?"

"Alhamdulillahi, Eedo," nikajibu, nikavuta kigoda. "Ama hilo paa langu mimi..."