Nahodha wa Zuliani

Mwaka 1985 kampuni ya MicroProse ya Marekani ilitoa Silent Service, mchezo wa nyambizi uliobuniwa na Sid Meier. Basi vijana wasiowahi hata kupanda ngalawa wakawa manahodha wa Pasifiki, wakizamisha meli za Wajapani kwenye Commodore 64 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 64. (Picha moja ya simu yako leo isingeingia humo hata kwa kusukumwa.) Mtihani wa kwanza wa baharia ulikuwa kungoja diski imalize kusomwa.

Utamu wenyewe uko hapa: mchezaji alijichagulia ugumu, na mojawapo ya machaguo ilikuwa torpedo mbovu. Wanamaji halisi wa Marekani waliteswa na torpedo za Mark 14 karibu miaka miwili ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Zilipita chini ya meli au zikagonga zisilipuke, na wakilalamika wanaambiwa ni wao wasiojua kulenga. Miaka 40 baadaye wajukuu wao wanatoa pesa mfukoni ili wauziwe kero ileile, tena kwa hiari, soda mkononi. Manowari za adui zikizidi ukali, nahodha anazima swichi, anakwenda kula.