Keki ya Drafti

Keki ya drafti ni hesabu kabla ya kuwa chakula. Unaoka keki nne za duara za inchi 12, mbili za vanila na mbili za chokoleti. Kila moja unaikata duara la inchi 8, na ndani yake jingine la inchi 4, kisha pete za katikati zinabadilishana: ya vanila inahamia kwenye chokoleti, ya chokoleti kwenye vanila. Ukizipanga kwa kupokezana, kisu kikipita miraba inajitokeza yenyewe. Sharti kila keki iwe na kimo cha inchi 2, sawa na upana wa pete. Ikipungua, unapata matofali.

Binti wa dada yangu aliitaka kwa harusi yake. Kamati ilikuwa na bajeti ya ukumbi, ya MC, ya mapambo, hadi ya maua ya kwenye magari. Kwenye keki wakaandika "mchango wa mamdogo".

Kukata si tabu, mfuniko wa sufuria na bakuli la uji vinatosha. Kazi ni kuinua pete. Keki laini haina mfupa: ukishika upande huu, ule unabaki mezani. Nikawa nazitelezesha kwa karatasi, pumzi nimeibana, na jikoni nimepiga marufuku chafya.

Ndipo kaka yangu akaingia. Huyu hushinda kijiweni chini ya mwembe, wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, na akirudi anarudi na njaa. Nageuka kuchukua sukari ya unga, nageuka tena, duara moja la kati halipo.

"Kaka!"

"Si mabaki yale, dada?" Alipouona uso wangu akaongeza, "Halafu kwenye drafti kula ni lazima."

Nikaoka nyingine usiku uleule, feni nimeielekezea krimu isiyeyuke. Joto la Dar es Salaam mwezi Desemba halijui harusi.

Ukumbini maharusi wakakata kikeki cha pembeni, wakalishana, watu wakashangilia. Yangu ikatangazwa kuwa zawadi ya wazazi wa bwana harusi, ikabebwa nzima kwa vigelegele hadi kwenye gari. Ukumbi mzima haukuona hata mraba mmoja.

Kesho yake bibi harusi akanitumia ujumbe wa sauti wa mama mkwe wake. Keki tamu sana, wamekula hadi majirani, "ila mwambie mamdogo wako, mwanangu, siku nyingine unga ukimpungukia aseme tu tumchangie, asihangaike kuunga vipande."