Sifa za Gari Lenye Haya

Mji wetu unajua kusifu. Bi arusi husifiwa kabla hajafunuliwa uso, mgombea husifiwa kabla hajafanya lolote, na maiti husifiwa na watu waliokuwa wakimkwepa njiani alipokuwa hai. Katika ukarimu wote huo sijapata kusikia mtu akilisifu gari linalozimika. Sisemi gari bovu. Gari bovu halina siri: limekufa, litavutwa, basi. Nasema lile linalowaka asubuhi mara tu ukigusa ufunguo, likashuka Barabara ya Nkrumah kwa adabu zake, likafika mbele ya Ngome ya Yesu, na hapo, bila kikohozi wala kishindo, likanyamaza. Lingoje kidogo, litawaka tena, na pengine litakwenda wiki nzima bila kukumbuka kwamba liliwahi kukuaibisha.

Langu ni jigari la Kijapani lililoundwa kupanda milima, na mlima mrefu kabisa lililowahi kukutana nao ni ule mwinuko wa kutoka Bandari ya Kale. Nataka kulisifu, kwa kuwa nimeshalitukana vya kutosha.

Fadhila zake ndogo nazipitia mbio. Linabana matumizi, maana injini iliyozima hainywi petroli. Limenijuza kwa majina na madereva wa tuktuk wanaonisukuma, ambao zamani tulikuwa tukisalimiana kwa honi na matusi. Na limenisomesha historia. Kabla ya maradhi haya niliijua Ngome kama mahali pa kugeuzia gari. Sasa, nikikaa na taa za hatari zikimemeta, nimepata wasaa wa kuitazama: ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, kwa kazi ya Wareno, Waomani wakaizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 ndipo wakaitwaa, Waingereza wakaifanya jela kutoka 1895 mpaka 1958, na mwaka 2011 UNESCO wakaiandika katika urithi wa dunia. Waliokuwa ndani walihimili mzingiro karibu miaka mitatu, kwa njaa na tauni. Mimi nikizingirwa na honi, najisalimisha kabla msukumaji wa mkokoteni hajamaliza sentensi yake juu ya mama yangu.

Lakini fadhila iliyo juu ya zote, ambayo hata wanadamu wengi hawanayo siku hizi, ni haya.

Gari langu halijapata kuzima mbele ya fundi. Likivuka tu lango la gereji hubadilika tabia: sauti hushuka, mtetemo hutulia, sindano ya mizunguko husimama wima kama askari wa gwaride. Fundi huweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho, akasema, "Injini tamu hii, bosi." Liache likiunguruma kutoka adhuhuri mpaka alasiri, halizimi. Mpakie fundi, vuka naye Daraja la Nyali na kurudi, halizimi. Mshushe, mshukuru, mpe chochote cha chai, kata kona ya kwanza ambapo hakuoni tena, na hapo ndipo litakapozima.

Wanaodhani haya hii ni ya juujuu hawajaiona mbele ya mashine ya kupimia. Kijana huja na kijisanduku chake, akakichomeka chini ya dashibodi, kwenye ule mlango ambao Marekani iliulazimisha kwa magari yote mapya tangu 1996, akangoja. Kioo kinaandika kwamba hakuna kosa. Hakuna! Fikiri maana yake. Gari lina kompyuta, kompyuta ina sensa kila pembe, na bado limezima mara kwa mara bila kompyuta yake yenyewe kupewa habari. Tumefundishwa tangu madrasa kwamba sadaka bora ni ile ambayo mkono wa kushoto haujui kilichotolewa na wa kulia. Wangapi tumeifikia daraja hiyo? Gari langu limeifikia, tena bila mwalimu. Halijionyeshi, halijitangazi, halipigi picha za kubandika. Linazima kwa siri, linatubu kwa siri, linawaka.

Na haya hii huzaa ukarimu kwa wengine. Fundi asiyeonyeshwa kitu hulazimika kutoa cha kwake. Fundi wa umeme aliona umeme: plagi zikatoka, koili zikafuata. Fundi wa mafuta aliona mafuta: filta, kisha pampu. Mwenye duka la betri aliona betri hata kabla sijashuka. Kila mmoja alitazama ndani ya boneti na kuona rafu ya duka lake.

Ile pampu bado inanikera, nikiri. Iliyotolewa nilikabidhiwa ikiwa imeviringwa gazeti, kama maini kutoka Marikiti. Nilipofika nyumbani nikaiunganisha na betri. Ikavuma, nzima kabisa. Iliyowekwa mahali pake, ambayo nililipia pesa za kulipia karo, ilikuwa "eks-Japani", yaani imechomolewa katika gari jingine lililokufa huko kwao, na hakuna aliyeweza kuniambia lile lilikufa kwa maradhi gani. Pengine na lenyewe lilikuwa likizimika!

Wako pia waliosema ni petroli chafu. Si wazo la kipuuzi, kwa kuwa kuchanganya mafuta ya taa katika petroli na dizeli ilikuwa biashara kubwa nchini. Serikali iliyatibu maradhi hayo Septemba 2018 kwa kuweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili wachanganyaji wasipate faida. Dawa ilifika kwa mchanganyaji, ndiyo, ila ilipitia kwanza kwa mama anayepikia stovu Majengo, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Mafundi wangu wangeipenda kazi ile.

Nisiwalaumu mafundi peke yao, lakini. Fundi anayesema "sijui bado, niachie gari nilipeleleze" hapati mteja. Tunamwona mbumbumbu, tunakwenda kwa yule aliyejibu kabla ya kuuliza. Na akitumia asubuhi nzima kupima, tunakataa kumlipa, kwa kuwa hatuoni kitu. Mpe mtu huyohuyo kipande cha chuma ndani ya boksi, atatoa maelfu bila kutikisa nyusi. Soko letu linanunua spea, halinunui kufikiri. Kisha tunashangaa kwamba kila mtu anauza spea.

Wala si sisi tu tulio pwani ya Afrika. Kampuni ya General Motors iliunda swichi ya ufunguo iliyokuwa nyepesi kupita kiasi. Mkungu wa funguo ukining'inia, au goti likigusa, swichi hurudi nyuma, injini ikazima gari likiwa mbioni, na mifuko ya hewa isifunguke katika ajali. Wahandisi wake walijua kwa miaka kama kumi kwamba magari yanazimika. Waliliorodhesha jambo hilo kuwa ni usumbufu kwa mteja, si suala la usalama. Usumbufu! Kama kiti kinachokwaruza. Mwaka 2014 wakayaita magari milioni 2.6 yarudi, na mfuko wa fidia baadaye ukakubali kwamba swichi ile imeua watu 124. Hapo mzaha unanikauka mdomoni. Watu wenye maabara, mishahara na wakati walikuwa na kila kitu cha kupimia isipokuwa haja ya kujua.

Na kama unataka kuona tabia hiyo ikiwa na bendera na wimbo wa taifa, ikumbuke Juni 7, 2016, siku Kenya nzima ilipozima. Uchunguzi ulifanywa kwa kasi ya kupendeza, na mkosaji akapatikana: tumbili. Alianguka kwenye transfoma ya kituo cha Gitaru, mitambo ikajikata mmoja baada ya mwingine, nchi ikaingia gizani. KenGen, wenye kituo hicho, walitoa picha yake. Alinusurika, akakabidhiwa kwa watu wa wanyamapori. Sina ugomvi na tumbili, wala sina shaka kwamba alianguka. Ila fundi anayejua kazi angeuliza swali la pili: ni mtambo gani huu, ambao mnyama mmoja asiyezidi uzito wa mtoto akiteleza Gitaru, feni zinasimama mpaka Mombasa? Jibu la tumbili lilitosha, kwa kuwa tumbili anaweza kushikwa na kupigwa picha. Ndiye spea iliyoviringwa gazeti. Mwaka 2023 nchi ilizima Agosti, ikazima tena Novemba, ikazima tena Desemba, na safari hizo hakupatikana hata nyani wa kusingiziwa; wakubwa wakalaumiana wenyewe kwa wenyewe.

Gari langu lilipoteza haya yake Bondeni, kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha mabati na kikuku cha waya mfukoni. Hakufungua boneti. Alikaa kwenye tairi, akauliza.

"Likizima, mwanangu, ile sindano ya mizunguko huangukaje? Hupepesuka kwanza, au hudondoka mara moja?"

"Hudondoka mara moja, Mzee, na gari bado latembea."

"Na huzima zaidi wapi?"

Nikafikiri. "Kwenye mawe. Mji wa Kale, na pale Ngomeni barabara inapoharibika."

"Basi petroli waachie wenyewe. Mafuta yakikatika injini hukohoa kabla ya kufa. Hii yakatwa kauli."

Akaliwasha, akaliacha liungurume, ndipo akainua boneti na kuanza kuzishika nyaya moja moja, akizitikisa kwa vidole viwili kama mtu anayejaribu meno ya mtoto. Alipofika kwenye waya wa athi, ule mweusi unaofungwa kwenye bodi chini ya betri, injini ikazima. Mbele yake! Mchana kweupe! Akafungua bolti. Chini yake palikuwa na ukoko wa kijani na mweupe, chumvi ya upepo wetu wa bahari iliyokula shaba taratibu kwa miaka, mpaka waya ukawa unagusa na kuachia kila gari linaporuka jiwe. Akausugua kwa msasa, akapaka grisi, akakaza. Nikamlipa alichotaka, ambacho kilikuwa kidogo kuliko bei ya filta.

Jioni nikawasimulia wenzangu barazani, kwenye kahawa. Walisikiliza kwa makini.

"Kwa hivyo amebadilisha nini?" akauliza mmoja.

"Hakubadilisha kitu."

"Spea ya zamani hakukupa?"

"Hapakuwa na spea."

"Na ukamlipa?"

"Nikamlipa."

Wakatazamana, wakanionea huruma. Aliye karibu nami akatoa simu, akanitumia namba ya fundi wake, mtu mwaminifu sana, akasema, ambaye kamwe hakuachi uondoke gerejini mikono mitupu.