Spika za Nyuma ya Pazia

Mume wangu havuti, hanywi, na Ijumaa hakosi msikitini. Kwa hiyo akina mama wenzangu wakianza kuwasema waume zao, mimi hunyamaza. Si kwamba sina la kusema. Langu halielezeki. Utaanzaje kumwambia mtu kwamba mwenzio amehamishia jumba la sinema nyumbani, ghorofa ya pili, Upanga, kwenye sebule ambayo ukiongeza kiti kimoja mlango haufungi?

Chanzo ni simu ya dalali wa Tanga. Kumbi za sinema za mwambao zilififia moja moja video zilipoingia majumbani. Baadhi ziligeuzwa maghala, baadhi maduka, na vyombo vyake vikabaki gizani vikimezwa na vumbi. Dalali alipiga kusema kwamba katika ghala moja, nyuma ya magunia, amekuta spika ya sinema, nzima, ya Kimarekani, ina kibandiko cha Altec Lansing. Baba Watoto alisimama wali ukiwa mdomoni. Nikadhani amepata habari ya msiba.

Spika ikaja kwa kirikuu, imefungwa kamba na kufunikwa turubai. Inaitwa A7, na katika familia yake ni mmoja wa wadogo. Mdogo huyo ana urefu unaozidi mita 1, upana wa sentimita 76 na kina cha sentimita 61, na ndani yake mna honi inayopiga sauti nyembamba. Baba Watoto alikuwa amepima mlango wetu akaridhika. Ngazi hakuipima. Kwenye kona ya kwanza sanduku likakwama, halipandi wala halishuki, na jirani wa juu aliyekuwa anawahi kazini akabaki amesimama upande wa pili na mkoba wake. Makuli wakapumzika, wakawasha sigara, wakaanza kupatana bei upya. Mmoja akamuuliza mume wangu kwa heshima zote, "Mzee, hivi haliwezi kukaa hapa hapa?"

Mwisho likapandishwa kwa kamba kupitia veranda. Kanzu za jirani wa chini zilikuwa zimeanikwa, nyeupe, za Ijumaa. Vumbi la ghala la Tanga likazishukia zote. Nilizifua mimi.

Lilipotua sebuleni nikaliangalia vizuri. Rangi ya kijivu, kama ya mlango wa stoo. Hakuna kitambaa mbele, hakuna urembo, misumari inaonekana, mdomo umeachama. Nikauliza kwa nini Wamarekani, watu wenye pesa zao, wametengeneza kitu kibaya hivi. Nikajibiwa kwamba hakikutengenezwa ili kionekane. Kwenye jumba la sinema spika hukaa nyuma ya pazia la kuoneshea picha, na pazia lenyewe lina vitundu vidogo vidogo ili sauti ipite na maneno yatoke pale pale penye mdomo wa mchezaji. Watazamaji walisikia maisha yao yote bila kujua kilichojificha nyuma.

"Basi tutalitundikia pazia," nikasema.

Akacheka. Mimi sikuwa nachekesha.

Jioni hiyo tukapewa mhadhara, na kwa haki yake nakiri ulikuwa mhadhara mzuri. Sinema zilipoanza kutoa sauti, Don Juan ya 1926 na The Jazz Singer ya 1927, amplifaya za wakati huo zilikuwa dhaifu mno. Wati chache zilitakiwa kujaza ukumbi wa watu mia kadhaa au hata elfu. Ndipo mafundi wakategemea honi, ambayo hushika nguvu kidogo ya kiwambo na kuisukuma mbele isipotee. Spika ya kawaida ya nyumbani ukiipa wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake, hutoa desibeli 86 au 88 hivi. Hii yake hupita 100. Na ili sauti ipande desibeli 10, spika ya kawaida itadai umeme mara 10. Kwa hiyo, akasema kwa fahari, kwa hii tunaokoa umeme wa LUKU.

Kampuni yenyewe, Altec, ilizaliwa 1937, Western Electric ilipojitoa katika kazi ya kuhudumia vyombo vya sinema. Mwaka 1941 ikanunua kampuni ya mtengeneza spika aitwaye James Bullough Lansing, na 1945 ikatoa safu iliyoitwa Sauti ya Jumba la Sinema. Lansing hakukaa. Aliondoka 1946 akafungua kampuni yake, na akafariki 1949. Herufi za mwanzo za majina yake ni JBL.

Binti yetu akainua kispika chake cha bluetooth, cha ukubwa wa chupa ya maji, akasoma herufi zilizoandikwa ubavuni. "Kumbe hivi ni ndugu?"

"Ndugu kabisa," akajibiwa.

"Basi huyu wangu ana adabu. Anakaa mkobani."

Shida ya pili nilifikiri haitakuja. Sinema za zamani zilikuwa na mkondo mmoja tu wa sauti, kwa hiyo ukumbi wa kawaida haukuwa na haja ya jozi. Muziki wa nyumbani ni wa stereo, unataka mbili. Hilo Baba Watoto alilijua siku zote, ila alinisubiri nizoee. Dalali akatumwa upya, akazunguka, akaipata ya pili katika ghala jingine. Namshukuru Mungu mzee wangu hakutaka kufuata mtindo wa CinemaScope wa 1953, ambao uliweka spika tatu nyuma ya pazia.

Ya pili ilifika na tabia zake. Sanduku lilikuwa lile lile, honi haikuwa ile ile. Ya kwanza ilibeba honi ndogo, iliyopangiwa kuanza kazi kwenye hezi 800. Ya pili ilibeba kubwa ya hezi 500, pana kiasi kwamba ilikaa juu ya sanduku badala ya ndani, imetazama kochi letu. Maana yake kushoto mwimbaji angeimba na mafua, kulia ameshapona. Halafu katika tundu la chini kukakutwa kiota cha panya, kikavu, kimejaa maganda ya karanga. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga kutibiwa macho, aliyaangalia kwa mapenzi. "Hizo karanga zetu hizo," akasema.

Ili zikae, kabati la vyombo lilihamia chumbani, friji ikaenda koridoni, na meza ya chakula ikasukumwa hadi dirishani. Kila aliyetaka maji ya baridi ilibidi apige hodi kwenye honi.

Amplifaya sasa. Dalali aliitoa bure, na cha bure kina gharama zake. Ilikuwa ya valvu, kutoka chumba cha mashine, nzito kuliko mtungi wa gesi, imetengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 117 wakati wetu ni 230. Fundi redio wa Kariakoo, mtu mzima aliyekulia kwenye valvu, aliifungua kifuniko, akaifunga tena. Akasema transfoma ya kushusha umeme pekee haitoshi. Kapasita zilizokaa miaka mingi bila kazi hukauka au huanza kuvujisha umeme. Ukiziwasha kwa ghafla hulipuka, na huweza kuondoka na transfoma ambayo hupati nyingine. Lazima zibadilishwe, kisha umeme upandishwe taratibu. Tena ndani mwake mna volti zaidi ya 400, na kapasita huweza kushika umeme hata waya ukiwa umechomolewa. "Usitie kidole, mzee," akamaliza.

Kidole hakutia. Aliwasha tu, fundi alipokwisha kuondoka, "kuangalia taa zake." Taa zake tuliziona, za rangi ya machungwa, nzuri kweli. Kisha ukasikika mlio, pakatoka moshi wenye harufu ya nta na samaki, na nyumba nzima ikawa giza. Mama mkwe akauliza kutoka chumbani kama filamu imekatika.

Ikabidi tutumie amplifaya ndogo ya kisasa, na hapo ndipo tulipozisikia spika zenyewe kwa mara ya kwanza. Kabla ya muziki ulitoka mvumo. Fundi alieleza baadaye kwamba si ugonjwa mpya. Kila amplifaya ina mnong'ono wake, na spika za kawaida huumeza kwa sababu ya uzito wao, lakini hizi hazifichi siri ya mtu. Kisha ukaja muziki. Ngoma zilitoka magotini, mwimbaji akatoka kichwani. Sauti ya honi na sauti ya besi zinahitaji mita kadhaa ndipo zikutane ziwe kitu kimoja, na ukumbini mtu wa kiti cha karibu alikuwa mbali kuliko ukuta wetu wa mwisho. Besi nayo iliishia njiani. Kijana wetu, aliyelelewa na sabufa, alisubiri sakafu itikisike, haikutikisika, akarudi kwenye simu yake.

Lakini jioni moja Baba Watoto alifungulia redio, taarifa ya habari. Mtangazaji alisalimia. Mama mkwe, aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka kichwa wazi, alivuta kanga upesi akajifunika, akaitika, "Karibu mwanangu." Hakuna aliyecheka, maana sote tulikuwa tumegeuka kutazama mlangoni. Sijawahi kusikia sauti ya binadamu ikiwa hai namna ile. Hapo nikaelewa kazi ya chombo hiki. Kilitengenezwa kwa ajili ya maneno, mtu wa mstari wa nyuma asikose hata silabi moja. Besi nzito na milio myembamba ya juu havikuwa shughuli yake. Tena tangu 1938 majumba ya sinema yalikuwa na kipimo cha pamoja kilichopunguza sauti za juu, kwa sababu mkondo wa sauti ulichapwa kwenye ukanda wa filamu na ulikuwa na mchakacho.

Kwa hiyo muziki wa leo ulizishinda, wa zamani ukazikubali. Binti alitafuta nyimbo za Siti binti Saad, zile zilizorekodiwa Bombay kuanzia 1928, ambazo kwenye simu husikika kama zimefungiwa ndani ya kopo. Kwenye honi Siti alisimama katikati ya sebule. Santuri za enzi ile hazina besi nzito wala sauti za juu sana, na spika hizi hazikuwa na haja navyo. Mama mkwe alianza kusimulia maonyesho ya wanawake ya ujana wake, filamu za Kihindi, mabuibui yakining'inizwa kwenye viti, watu wakilia kwa sauti bila kuonana haya. Usiku ule hatukula kwa wakati, wala sikudai.

Asubuhi jirani wa chini alipanda na malalamiko kuhusu Siti. Alisema anampenda, lakini si saa tano za usiku. Nilimkubalia, nikikumbuka kanzu zake.

Ikaitishwa kikao, mwenyekiti mama mkwe. Baba Watoto alijitetea vizuri, akazungumzia historia, akazungumzia LUKU. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Baba, kitu cha ukumbini kinataka ukumbi. Mimi Tanga nina ukumbi mrefu na mtu mmoja. Hapa wewe una watu watano na kijikorido." Akauliza kama kuna mwenye neno. Mimi nilikuwa nalo, nikalimeza.

Zilishuka kwa kamba, safari hii baada ya kumtaarifu jirani wa chini aanue nguo. Sasa ziko Tanga, ukutani mwa ukumbi wa mama, na mbele yake limetundikwa pazia jepesi la kitambaa cha wazi. Fundi alibadilisha kapasita zote za ile amplifaya ya valvu, akaoanisha honi kwa kumpata mwenzake wa ile kubwa, na gharama yake sikuambiwa. Mtoto ambaye zamani alimtembelea mama yake Idi kwa Idi, siku hizi haimalizi mwezi hajaenda. Hilo mkwe wangu analihesabu kuwa faida, nami sibishi.

Ukiona na wako ameanza kupokea simu za dalali, usipoteze pumzi kumkataza. Mwambie apime ngazi na kona zake, si mlango peke yake. Ahakikishe honi zote mbili ni za namba moja. Asiwashe chombo cha valvu kabla fundi hajakibadilisha kapasita. Na kama sebule yenu haina mita nne tupu mbele ya spika, mwambie ukweli: aanze kwa kutafuta nyumba.