Tabaka kwa Tabaka: Mavazi ya Kupanda Uluguru kwa Gari Wakati wa Masika

Mavazi ya tabaka ni nguo kadhaa nyepesi zinazovaliwa moja juu ya nyingine, ili mvaaji aongeze au apunguze kadiri hali ya hewa inavyogeuka. Anayeshinda Msamvu, mjini Morogoro, hana haja nayo. Hapo zinapokutana barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, kwenye mwinuko wa mita 500 hivi, jua la saa saba mchana humfanya hata mwenye fulana moja ajione amezidisha. Mwenye haja nayo ni yule anayepita Msamvu kuelekea milima ya Uluguru, hasa kati ya Machi na Mei.

Sababu ni mwinuko. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza nyuzi joto 6 hivi. Anayeacha nyuzi 30 Msamvu, akashika barabara ya Iringa, akachepuka Sangasanga kuelekea Mgeta na kupanda mita 1,000, kwa hesabu ya darasani atakuta nyuzi 24, na hizo hazijawahi kumtetemesha mtu. Lakini hesabu ya darasani hufanywa na mtu mkavu aliyekaa kwenye kiti. Abiria wa masika amelowa, upepo unampiga, na maji yanayokauka juu ya ngozi yake huondoka na joto lake. Upande wa mashariki, kwenye njia ya Bigwa kwenda Matombo, unyevu wa Bahari ya Hindi huugonga mlima kwanza, na sehemu za juu hupata mvua inayokaribia milimita 3,000 kwa mwaka. Upande wa Mgeta hupata pungufu ya hapo, ila mvua yake huonekana kuisubiri saa ambayo gari limekwama.

Tabaka la kwanza hugusa ngozi, na kazi yake ni kuondoa jasho. Fulana ya pamba, inayopendwa na wengi, hulinyonya jasho vizuri kisha hukataa kuliachia. Kosa la kawaida ni kuvaa matabaka yote nyumbani ili kupunguza mizigo. Msafiri wa namna hiyo hufika Msamvu ameloa kabla ya wingu kuonekana, na mvua inapomkuta huko juu haina jipya la kumfanyia. Fulana ya nailoni kama ya wachezaji wa mpira hukauka upesi, ingawa humlazimu mvaaji kujibu maswali ya Simba na Yanga njia nzima.

Tabaka la pili hutunza joto. Kinachozuia baridi hasa ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi, ndiyo maana sweta mbili nyembamba hushinda moja nene. Sufu hufaa kwa kuwa huendelea kutunza joto kiasi hata ikiwa na unyevu. Majaketi mazito ya mitumba yanahitaji tahadhari. Mengi yalishonwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, wanaoteleza juu ya theluji kwa hiari yao na kulipia. Abiria wa Mgeta huteleza juu ya matope bila kuulizwa. Jaketi lililojazwa manyoya ya ndege likilowa, manyoya hugandamana, hewa hutoka, na mvaaji hubaki amebeba kuku wawili waliorowekwa. Tena majaketi haya yana mifuko mingi kupita kumbukumbu ya binadamu. Chenji iliyotiwa kwenye kimfuko cha mkononi Morogoro hupatikana baada ya miezi miwili, siku ya kufua.

Mifuko inahitaji maelezo yake. Msafiri mwangalifu huweka nauli katika suruali ya ndani kabisa, kwa usalama. Baadaye, gari likiwa limejaa na goti la jirani liko ubavuni mwake, utingo hunyoosha mkono. Hufuata kazi ya kufungua koti la mvua, kupandisha jaketi, kutafuta ncha ya sweta na kuomba radhi pande zote mbili. Inapofika zamu ya fulana, mama wa kiti cha nyuma hugeukia dirishani kwa adabu. Kanuni ni moja: nauli na simu hukaa tabaka la nje, ndani ya kitu kisichopitisha maji.

Tabaka la tatu huzuia upepo na mvua. Zamani mfuko wa rambo ulifanya kazi hii kwa bei nafuu: mmoja kichwani, miwili miguuni. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, vichwa vingi vilibaki bila paa. Koti la mvua la plastiki hufaa, lakini huzuia maji pande zote mbili: ya nje hayaingii na ya ndani hayatoki. Waendesha bodaboda hugeuza jaketi kinyumenyume, zipu mgongoni, ili upepo usipate upenyo kifuani. Mbinu hii ni ya maana, ila mvaaji hawezi kujivua mwenyewe. Humlazimu kumgeuzia mgongo abiria ambaye bado wanabishana naye nauli. Mwamvuli si tabaka. Ndani ya Land Rover iliyojaa ni silaha.

Miguuni huvaliwa gambuti au hakuvaliwi kitu. Kiatu cha kufunga kamba hujaa tope na kukauka kwa siku kadhaa. Gambuti huzuia maji hadi pale yanapoingia kwa juu, na kuanzia hapo huyahifadhi kwa uaminifu. Kwenye tope zito la kunata mguu hutoka na gambuti hubaki, naye mwenyewe husimama kwa mguu mmoja akitafuta bega la kushika.

Mtihani wa mavazi yote ni kusukuma. Gari likianza kuzungusha tairi pasipo kusogea, abiria hushuka, na nafasi iliyo nyuma kabisa ya tairi hupewa mgeni. Huambiwa, "Shika hapo, bosi, pana nguvu." Dereva hukanyaga mafuta, tope hupaa, na bosi hupata tabaka la nne ambalo hakulipanga. Jinzi iliyopitia hapo huongezeka uzito mpaka mkanda ushindwe kuihimili, na mvaaji husukuma kwa mkono mmoja tu, wa pili ukiwa na kazi ya kulinda heshima.

Wa kuigwa hapa ni utingo. Ishara kwamba gari litakwama humtoka yeye mapema, anapovua kandambili na kuzichomeka chini ya kiti. Husukuma akiwa na bukta na fulana kuukuu. Mgeni humhurumia bila sababu, maana ngozi hukauka upesi kuliko kitambaa chochote. Gari likishatoka, utingo hujipangusa, hufungua kiroba kilichofungwa vizuri na kutoa sweta kavu. Wakati huo msafiri mwenye matabaka matano ana matabaka matano yaliyolowa. Kwa hiyo tabaka lenye thamani kuliko yote ni lile ambalo halijavaliwa. Akiba haiozi, husema wahenga, na kwa masika ya Uluguru iongezwe kwamba ikilowa huvunda.

Kushuka hufuata utaratibu uleule kinyumenyume. Koti la mvua huvuliwa mvua inapokatika, sweta hutoka kabla ya lami, na Msamvu msafiri hushuka akiwa na fulana, nguo nyingine zote amezikumbatia. Nyumbani, tope huachwa likauke kisha hupukutwa. Kulisugua likiwa bichi ni kuliingiza zaidi kwenye nyuzi. Gambuti hujazwa magazeti makavu na kuwekwa kivulini. Sweta la kirobani, kama halikuvaliwa, hubaki humohumo likisubiri safari ijayo. Kulifua si lazima. Kuhakikisha kwamba bado limo kabla ya kuondoka ni lazima, kwa kuwa ifikapo Julai watoto wa nyumbani nao husikia baridi.